Rangi Iliyobaki Ndani ya Fundo

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, Chapchap alikuwa keshashuka ngazi mbili mbili hadi uani na kikombe chake cha kumwagilia. Hilo halikuwa jina lake la kwenye rejista, lakini hata mwalimu mkuu alikuwa amelizoea. Msichana huyu alikula chapchap, alivaa chapchap, na alimaliza mtihani wenzake wakiwa bado wanaandika tarehe. Shangazi yake aliyemlea alikuwa fundi wa nguo, na duka lake lilikuwa chini ya chumba walichoishi. Alipenda kuwaambia wateja kwamba mtoto huyo anaweza kushona suruali kwa dakika tano, ila itatoka na mguu mmoja.

Uani palikuwa na makopo ishirini ya maziwa ya unga, yamejazwa udongo wa aina moja na kuanikwa kwenye jua moja. Yalikuwa mali ya darasa zima. Yalihifadhiwa kwa Shangazi kwa sababu uwanja wa shule una mpira, na mpira haujui kopo la nani.

Mambo yalianza wiki saba nyuma, mwalimu wa sayansi alipowatoa darasani kwenda kuhesabu nyuki. Walihesabu kwenye ua dogo la njano ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelipanda. Mtaani watoto huliita ua la kifungo. Lilichipua kwenye nyufa za ukingo wa barabara, mbele kabisa ya duka la Shangazi, na lilichipua pia kwenye shamba la shule ng'ambo ya mto. Barabarani, kwa saa nzima, walikuja nyuki watatu tu, weusi na wadogo kama punje za mtama. Shambani walikuja zaidi ya arobaini, wengi wao wakubwa wenye manyoya, mpaka waliokuwa wakihesabu wakaanza kubishana.

Kulikuwa na jambo jingine. Maua ya shambani yalikuwa mapana kama kifungo cha koti. Ya barabarani yalikuwa kama kifungo cha shati.

Mwenzake Chapchap wa dawati moja alinyoosha mkono. Wenzake walimwita Babu, kwa sababu alizungumza polepole na alikuna kidevu kisicho na ndevu kabla ya kusema neno.

"Mwalimu," alisema, "labda haya ya barabarani yana njaa tu. Huu udongo una nini zaidi ya mchanga na moshi?"

Mwalimu alipiga kofi moja kubwa, kama kawaida yake akifurahi. "Hilo ndilo swali!" Siku hiyohiyo akampigia simu mwanamke aliyesoma naye zamani, ambaye sasa ni mtafiti wa maua na wadudu wa mijini. Jibu lilikuja jioni: chukueni mbegu za pande zote mbili, zipandeni kwenye udongo mmoja, maji sawa, jua sawa. Yakitoka maua yaliyolingana, basi ilikuwa njaa. Ya barabarani yakibaki madogo hata baada ya kushiba, basi udogo huo umo ndani ya mbegu.

"Umeingiaje kwenye mbegu?" Chapchap aliuliza, akiwa amesimama tayari.

"Kaa, nitakueleza. Ua pana ni tangazo. Linamwita nyuki aje alete chavua, ndipo mbegu ipatikane. Sasa barabarani nyuki ni wa kutafuta kwa tochi. Ua linalomsubiri linanyauka bila mbegu. Lakini yapo machache yanayoweza kujichavusha yenyewe. Hayo hayana haja ya tangazo kubwa. Yanatoa mbegu, na mbegu zake zinafanana nayo. Mwaka unaofuata yapo mengi zaidi, na mwaka mwingine zaidi ya hapo."

"Na nyuki je?" Babu aliuliza.

"Nao vivyo hivyo. Wakubwa wanahitaji chakula kingi, kwa hiyo hawarudi. Wadogo wanaotosheka na kidogo, wanaokaa kwenye matundu ya kuta, ndio wanaobaki. Mji unawachambua wote wawili, ua na nyuki, na sisi tunapita juu yao na viatu."

Chapchap alisisimka mpaka nywele zikamsimama. Alikuwa akidhani kwamba viumbe kubadilika ni habari za mifupa ya kale. Kumbe jambo lenyewe linatokea mbele ya duka la Shangazi, kando ya kibao cha "Tunapunguza Suruali"!

Halafu Mwalimu aliongeza jambo lililofanya darasa zima litulie. Halmashauri ya mji ilikuwa ikifikiria kumwaga saruji kwenye kingo zote za barabara. Mtafiti alikuwa akiandika ripoti ya kuwaomba wapande maua badala yake, ili nyuki wapate njia ya kupita. Jaribio la darasa likifanikiwa, litaingia kwenye ripoti hiyo.

Chapchap aliomba makopo yakae kwao, akaomba tena, mpaka akapewa. Alitoboa kila kopo tundu ukingoni na kufunga uzi: mwekundu kwa mbegu za barabarani, buluu kwa mbegu za shambani. Alifunga fundo alilofundishwa na Shangazi la kushikiza vifungo vya makoti, lile la kuzungusha uzi mara nane na kukaza kwa meno.

"Andika na namba kwenye kila kopo," Mwalimu alimwambia, "halafu uchore ramani kwenye daftari: kopo namba fulani, mbegu ya wapi."

"Kesho, Mwalimu," alisema Chapchap. Uzi si unaonekana? Namba alizipaka kwa rangi siku ileile, lakini ramani ilisubiri kesho, na kesho hiyo ikaenda wiki saba.

*

Asubuhi hiyo ya Alhamisi aliingia uani akapiga ukelele uliomfanya Shangazi ajichome sindano kule dukani.

"Yamefunguka! Shangazi, yamefunguka! Yote!"

Makopo ishirini, maua ishirini ya njano. Mengine mapana, mengine madogo, waziwazi, kwenye udongo uleule. Chapchap alirukaruka huku maji yakimwagikia miguuni. Jibu lilikuwa mbele yake. Aliinama kwenye kopo la kwanza aone uzi wake ni wa rangi gani.

Ulikuwa mweupe.

Akatazama la pili. Mweupe. La tatu lilikuwa na weupe wa kijivujivu kama maji ya kuoshea vyombo. Jua la wiki saba lilikuwa limechujua nyuzi zote, nyekundu na buluu, mpaka zikafanana. Alijaribu kukumbuka makopo yalivyokuwa yamepangwa, lakini Jumamosi Shangazi aliyasogeza yote ili aanike mapazia ya mteja, kisha akayarudisha kokote.

Wiki saba za watu thelathini na wanane! Saa nane mchana mtafiti angefika kuyaona. Angemwambia nini? Kwamba Chapchap alisema kesho?

Kisha wazo likaja, na lilikuja chapchap kama mawazo yake yote. Si ni rahisi? Maua madogo ndiyo ya barabarani, kila mtu anajua. Alichukua rula, akapima, akachambua kumi madogo kabisa na kumi makubwa kabisa. Alitaka kuzikata nyuzi za zamani lakini mafundo yalikuwa yamekaza kama chuma na mkasi ulikuwa unatumika dukani. Akafunga nyuzi mpya juu yake, zikazificha. Nyekundu kwa madogo, buluu kwa makubwa. Dakika kumi tu, kazi kwisha.

Njiani kwenda shule hakukimbia. Babu, aliyekuwa akimfuata nyuma siku zote, alimpita.

"Unaumwa?" Babu aliuliza.

"Kwa nini niumwe? Maua yamefunguka. Madogo yote ya barabarani, makubwa yote ya shambani."

Babu alikuna kidevu. "Yote? Hata moja halikukosea?"

"Hata moja!" Chapchap alijibu kwa ukali ambao hata yeye ulimshangaza.

*

Saa nane mchana ua wa Shangazi ulijaa. Wanafunzi walibanana ukutani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, na Mwalimu alikuwa ameshapiga makofi matatu. Mtafiti alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana na magoti yenye vumbi, na hakusalimia makopo kabla ya kuwasalimia watu wote, akianza na Shangazi mlangoni. Kisha akapiga magoti chini na kupima, ua baada ya ua, huku Babu akiandika namba kwenye daftari la darasa.

"Jamani!" alisema mtafiti alipomaliza. Macho yake yaling'aa. "Nyekundu zote ndogo, buluu zote kubwa. Mnajua maana yake? Udongo mmoja, maji yaleyale, na bado ya barabarani ni madogo. Si njaa! Mji umeyabadilisha haya maua, nanyi ndio mlioonyesha!"

Uani palilipuka shangwe. Watu walimpiga Chapchap mabegani, mmoja akamvua kiatu kwa furaha. Mwalimu alipiga kofi la nne, na Chapchap alicheka kwa mdomo tu.

"Uzuri wa jaribio hili," mtafiti aliendelea, akiwanyamazisha kwa mkono, "ni kwamba hatukuwaambia maua la kusema. Tumeyauliza, yakajibu yenyewe. Ningeyachambua mimi kwa kuyatazama, ningekuwa nimejiuliza swali na kujijibu mwenyewe, halafu nawaambia halmashauri ua ndilo limesema. Na wakigundua hilo, hawatanisikiliza tena hata kwa jambo la kweli. Saruji itamwagwa kesho yake."

Chapchap aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Nimejiuliza na kujijibu mwenyewe. Ndicho hasa alichofanya saa moja asubuhi, na rula mkononi. Hakuna aliyejua. Angenyamaza, wote wangekwenda nyumbani na furaha yao. Alimtazama Babu, aliyekuwa akiandika namba za uongo kwa mwandiko wake mzuri wa polepole, na akaona hawezi.

"Mwalimu." Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mwalimu! Jibu hilo ni langu. Si la maua."

Kelele zilikatika.

"Nyuzi zilipauka. Zote. Na ramani sikuchora, nilisema kesho, kesho... Leo asubuhi nikaona madogo, nikasema haya ya barabarani, nikayafungia nyekundu. Sijui ni kopo lipi la wapi. Nisameheni."

Kutoka ukutani mtu aliguna, mwingine akasema, "Wiki saba!" Msichana mmoja alishuka kwenye ndoo na kuketi chini. Mtafiti alivua kofia yake taratibu, akatazama makopo, kisha akamtazama Chapchap, na hakuonekana na hasira bali na huzuni tu. Hiyo ilimuumiza Chapchap kuliko kelele zote.

"Basi tutaanza upya," Mwalimu alisema kwa sauti iliyochoka.

"Ripoti inapelekwa Jumatatu," mtafiti alijibu. "Lakini afadhali niipeleke bila haya, kuliko niipeleke na haya."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, pini tatu zimebanwa kwenye midomo. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Wewe binti," alisema, "zile nyuzi za mwanzo umezitupa wapi?"

"Sikuzitupa, Shangazi. Zilikaza, sikuweza kuzifungua. Nilifunga hizi mpya juu yake."

"Ulifunga fundo gani mwanzo? Lile la koti? Mara nane?"

"Mara nane. Nikakaza na meno."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, na darasa zima likamtazama kama mtu aliyepoteza akili.

"Mteja akiniletea koti lililopauka," alisema, "anataka kiraka cha rangi yake ya zamani, unadhani mimi naitazama rangi mgongoni? Mgongoni jua limekula. Nafumua mshono, naangalia ndani, mahali ambapo jua halijawahi kuingia. Nileteeni sindano. Ile nene. Nanyi ondokeni kwenye mwanga wangu!"

Shangazi aliketi kwenye kigoda, akavuta kopo namba moja mapajani, akaweka miwani puani. Alisukuma uzi mpya pembeni, akachomeka ncha ya sindano kwenye fundo la zamani, akatikisa, akavuta. Mzunguko wa kwanza ulilegea, mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu...

"Njoo uone mwenyewe," alimwambia Chapchap.

Ndani kabisa ya fundo, urefu usiozidi ukucha, uzi ulikuwa mwekundu kama siku uliponunuliwa.

Ukelele uliopigwa hapo ulimtoa muuza matunda wa ng'ambo ya barabara, akaja mbio akidhani kuna mwizi.

"Kopo namba moja, nyekundu, barabarani!" Mwalimu aliita, amesahau hata kupiga makofi. "Babu, futa yote, andika upya!"

"Sifuti," Babu alisema. "Napiga mstari. Yaonekane tulikosea wapi." Mtafiti aligeuka akamtazama kwa heshima.

Namba mbili, buluu. Namba tatu, buluu. Kila fundo lilipolegea, watu walisogea, Shangazi akawafukuza, wakasogea tena. Namba nne, nyekundu. Kila moja liliafikiana na uzi mpya wa Chapchap, naye akaanza kupata pumzi. Labda alikuwa amepatia yote. Labda hakuharibu kitu.

Kopo la saba lilikuwa na ua dogo na uzi mpya mwekundu. Shangazi alivuta. "Buluu," alisema.

"Buluu?" Chapchap alinyakua fundo. Ilikuwa buluu kweli. Ua dogo, na limetoka shambani!

Kopo la kumi na moja lilikuwa na ua pana kuliko yote uani, pana kama kifungo cha koti la jenerali, na Chapchap alikuwa amelifungia buluu bila hata kufikiri. Ndani ya fundo palikuwa na wekundu mtupu. Darasa liliguna kwa pamoja.

Walipomaliza la ishirini, shingo ya Shangazi ilikuwa imekakamaa na daftari la Babu lilikuwa na mistari minne. Makopo kumi na sita Chapchap alikuwa amepatia. Manne alikuwa amekosea: maua mawili madogo yalitoka shambani, na mawili makubwa yalitoka barabarani. Mtafiti alipiga hesabu magotini, mara mbili, kisha akatupa kofia yake juu hewani.

"Bado! Ukiyachukua yote kwa pamoja, ya barabarani bado ni madogo zaidi. Jaribio linasimama! Lazima lirudiwe na makopo mengi zaidi, na hilo nitaliandika, lakini linasimama, na sasa ni la kweli!"

Kelele zilipotulia, Chapchap aliuliza, macho chini, "Na yale manne niliyoyakosea yameharibu?"

"Kuharibu?" Mtafiti alinyanyua kopo la kumi na moja kwa mikono miwili. "Hili ndilo nitakaloliandika kwanza. Ua pana, na mamake ameota kwenye ufa wa barabara. Maana yake mtaa huu haujapoteza maua mapana yote. Nyuki wakirudi, mbegu ya kuwapokea bado ipo. Nilikuwa nikiogopa kwamba nimechelewa. Uliponionyesha makundi mawili yasiyo na kosa hata moja, ulikuwa umeniondolea habari njema kuliko zote."

Chapchap alijikuta analia na kucheka kwa wakati mmoja, na hakujificha.

Mwalimu alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Leo ulitudanganya, na ramani ile hukuichora kwa uvivu. Hayo yote nimeyaona na utachora ramani ya makopo yote yajayo mpaka umalize shule. Lakini umesema ukweli wakati uongo ulikuwa unakupigia makofi, na bila hivyo Shangazi asingechukua sindano." Aliinuka, akawageukia wengine. "Nanyi sikilizeni. Mtu mkweli haandiki jambo analotarajia. Anaandika lililopo, hata likiwa na makosa manne, hata likimwaibisha. Ukiulizwa umejuaje, uweze kufungua fundo watu waone ndani."

"Na ramani ichorwe siku ileile," Shangazi aliongeza. "Si kesho."

Wakati huo kitu cheusi, kidogo kama punje ya mtama, kilipita mbele ya miwani ya Shangazi. Kilizunguka makopo, kikasita, kisha kikatua kwenye ua pana la kopo namba kumi na moja. Darasa zima liliganda.

"Nyuki!" Babu alinong'ona, akimsukumia Chapchap daftari na kalamu. "Andika basi, chapchap!"

Chapchap alishika kalamu, lakini hakuandika. Alipiga magoti karibu na kopo, akatazama nyuki akijipaka unga wa njano miguuni.

"Subiri," alisema. "Acha kwanza amalize, nione anakwenda wapi."